Neno Lililokatwa Pasipo Kiungo: Helikopta na Uhusika Milikishi

Waliosoma nahau ya Kiarabu katika vyuo vya mwambao, wakapitishwa katika kile kitabu kidogo cha Al-Ajurrumiyya, hawalisahau somo la irabu. Mwanafunzi hujulishwa kwanza kuwa maneno ni ya namna tatu: jina, kitendo na herufi. Kisha huambiwa kuwa mwisho wa jina haukai pahali pamoja. Jina lile lile hutiwa dhuma likiwa la mtenda, hutiwa fataha likiwa la mtendwa, na hutiwa kasra likitanguliwa na herufi ya jarri au likiwa ni jina la mwenye mali lililofuata jina la mali yake. Mtungaji wa kitabu hicho, Ibn Ajurrum wa mji wa Fes katika nchi ya Moroko, alifariki mwaka 1323. Wanaisimu wetu wa leo wameyaita mabadiliko hayo uhusika, na ile hali ya kasra, inayojulisha kuwa kitu ni cha nani, wakaiita uhusika milikishi.

Si haba watu siku hizi, hata miongoni mwa walimu, wanaoona kuwa elimu hii ni ya kupotezea wakati. Kiswahili, husema, hakina uhusika. Na ulimwengu tulio nao ni wa mitambo, si wa fataha na kasra. Upande wa pili wapo wapenzi wa lugha wanaolalamika kuwa maneno ya kigeni yanaingia kwetu yamevunjika, nasi tunazidi kuyavunja, hata asili yake isijulikane tena. Makala haya yanataka kuwajibu wote wawili kwa kisa cha mtambo mmoja, nao ni helikopta. Jina la chombo hicho lilizaliwa ndani ya uhusika milikishi wa lugha ya kale, kisha likakatwa na watu wasioujua uhusika huo. Kisa chake chaweza kutusaidia kupima ni kitu gani hasa hupotea neno likivunjika, na kitu gani husalia.

Tulichukue neno lenyewe. Mwombe mtu yeyote, awe Mwingereza au Mswahili, aligawe neno helikopta mafungu mawili. Atalikata hapa: heli, kopta. Sikio ndilo linalomwamrisha, kwa kuwa hakuna Mswahili awezaye kuanzia neno kwa sauti za pt, na Mwingereza naye haziwezi. Waingereza wamekwisha kulikata hivyo zamani. Kituo cha vyombo hivyo wanakiita heliport, uwanja mdogo wa kutulia wanauita helipad, na chombo chenyewe wanakiita copter kwa kufupisha. Kile kipande cha kwanza nacho humpotosha aliyesoma sayansi. Gesi ya heli ilipewa jina la jua kwa Kigiriki, helios, kwa sababu dalili yake ilionekana kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868. Basi mtu huiona heli ya gesi, akaiona heli ya helikopta, akadhani kuwa chombo hiki kina nasaba na jua.

Hakina. Muuza nyama hodari hakati mfupa. Hutafuta kiungo kwa ncha ya kisu, akishakipata nyama huachana yenyewe. Kiungo cha neno hili hakiko baada ya heli. Kiko baada ya heliko. Maneno mawili ya Kigiriki yaliyounganishwa hapa ni helix, yaani mzingo, kitu kilichosokoteka kama mkono wa mmea utambaao au kama uzi wa parafujo, na pteron, yaani ubawa. Helikopta ni ubawa wa mzingo.

Hapo msomaji makini atauliza: ikiwa neno ni helix, k ya helikopta imetoka wapi? Jawabu ndilo moyo wa kisa hiki. Herufi x ya Kigiriki ni alama moja yenye sauti mbili, k na s. Ile s ni mwisho wa uhusika wa mtenda, umefungwa mwilini mwa jina. Na k, ambayo ni sauti ya asili ya shina, imezama ndani ya x hata isionekane. Jina likiingia katika uhusika milikishi, s ile huondoka, unaingia mwisho wa -os, na k iliyokuwa imezama huibuka: helikos, maana yake "ya mzingo". Kwa sababu hiyo kamusi za Kigiriki hazitaji jina peke yake. Hutaja jina, kisha milikishi yake pembeni, helix, helikos, kama kamusi zetu zinavyotaja ulimi na pembeni zikaandika ndimi, kwa kuwa mgeni hawezi kuubuni wingi kwa kuutazama umoja. Anayetaka kuunda neno jipya kwa Kigiriki hana budi kupita mlango huo. Hukata -os ya milikishi, akalipata shina helik-, akalifunga kwa o ya kuunganishia, kisha akaweka neno la pili. Kwa usahihi basi, ndani ya helikopta hamna milikishi nzima; mna shina ambalo milikishi ndiyo iliyolifichua. Aliyejua uhusika wa mtenda tu angeliita chombo hiki heliksopta.

Shina hilo lilikwisha kutumika katika elimu ya hesabu zaidi ya miaka 2,000 kabla ya chombo chetu. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya mistari izungukayo na kutanuka, kikajulikana kwa anwani ya Peri helikon, yaani Juu ya Mizingo. Neno limo katika milikishi ya wingi, kwa sababu herufi peri, "juu ya", inaitaka milikishi nyuma yake, kama vile kwa Waarabu herufi za jarri zinavyoitaka kasra. Mwanafunzi wa Al-Ajurrumiyya angeielewa anwani hiyo mara moja, ijapokuwa hajui Kigiriki.

Aliyeliunda jina la helikopta ni Mfaransa, Gustave de Ponton d'Amécourt, aliyezaliwa mwaka 1825 na kufariki mwaka 1888. Hakuwa fundi wa karakana. Alikuwa mtu wa nasaba na mali, msomi wa mambo ya kale, na sifa yake kubwa katika elimu ilikuwa ni ujuzi wa sarafu za wafalme wa mwanzo wa Ufaransa. Jambo hili si la kupita tu. Maandishi ya sarafu za kale hufupishwa na kufutika, na anayeyasoma sharti ajue miisho ya majina, ili aweze kutambua kama herufi mbili zilizosalia ni za jina la mfalme au ni za jina la mji wa mfalme. Mtu wa namna hiyo, alipotaka jina la chombo cha kuinuliwa na rafadha, alikwenda moja kwa moja kwenye milikishi. Mwaka 1861 akakiita hélicoptère.

Wakati huo watu wa Paris walikuwa na baluni tu. Baluni hupaa kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa, lakini haina amri juu ya njia yake. Pepo ndizo zinazoipeleka. D'Amécourt na wenzake wawili walishikilia kuwa chombo cha kweli cha angani sharti kiwe kizito kuliko hewa, kama ndege alivyo mzito, kisha kijiinue kwa nguvu zake. Mmoja wa wenzake alikuwa Nadar, mpiga picha mashuhuri ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji wa baluni. Wa pili alikuwa Gabriel de La Landelle, aliyekuwa baharia wa jeshi kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya za bahari. Mwaka 1863 watatu hao waliasisi chama cha kuendeleza usafiri wa vyombo vizito kuliko hewa, na ni La Landelle aliyeeneza neno jingine ambalo ulimwengu umelishika, aviation, alilolitoa katika Kilatini, avis, yaani ndege.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa neno hilo la Kilatini linafanana ajabu na letu. Avis kwa Warumi alikuwa ndege wa porini, na pia ilikuwa dalili ya heri au shari, kwa kuwa waaguzi wao walitazama ndege walivyoruka kabla ya kuamua vita au safari. Kamusi za Kiswahili nazo zinatoa maana hizo hizo chini ya neno ndege: kiumbe chenye mbawa, na dalili, ndege njema au ndege mbaya. Kisha neno hilo moja likapewa chombo cha angani. Waswahili hawakuazima fikra hiyo kwa La Landelle. Watu waliokaa mbali wao kwa wao walitazama mbingu ile ile, wakafika pahali pamoja.

Wasomaji wa visiwani watapenda kujua pia kuwa katika mwaka huo huo wa 1863 rafiki wa Nadar, kijana Jules Verne, alitoa riwaya yake ya kwanza ya safari, Majuma Matano katika Baluni, na safari hiyo ya kubuniwa inaanzia Zanzibar. Verne hakupata kufika Unguja. Aliijua kwa kusoma habari za wasafiri. Alichagua baluni kwa kuwa ndicho chombo kilichokuwapo, lakini alijiunga na chama cha wale watu wa vyombo vizito, na mwaka 1886 akatoa riwaya nyingine, Robur Mshindi, ambamo baluni inashindwa na meli ya angani iliyoinuliwa na rafadha nyingi zilizosimamishwa juu ya milingoti. Basi ikiwa Unguja imo katika hadithi ya baluni, kalamu iliyoipandisha baluni hiyo kutoka Unguja ndiyo iliyokuja kuipendelea helikopta.

D'Amécourt mwenyewe hakuiona helikopta ikiruka. Alitengenezesha mfano mdogo wa mvuke wenye rafadha mbili, moja juu ya nyingine, zikizunguka kwa kupingana, na sehemu zake akazifanya kwa alumini, madini iliyokuwa ngeni na ya thamani siku zile. Mfano ule haukuweza kuuinua uzito wake. Mwaka 1877 Mwitaliano Enrico Forlanini alirusha mfano wa mvuke ukafika kiasi cha mita 13 kwa muda wa sekunde 20 hivi. Mwaka 1907 Wafaransa Louis Breguet na Paul Cornu, kila mmoja kwa chombo chake, walijaribu kumwinua binadamu kutoka ardhini, na majaribio hayo yamebaki na mabishano mpaka leo. Ilikuwa ni tarehe 14 Septemba 1939 ambapo Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev aliyehamia Marekani, alikiinua chombo chake cha VS-300 kikiwa bado kimefungwa kamba. Na mwaka 1942 aina ya R-4 ikafuata, ikaundwa kwa wingi. Tukihesabu tangu 1861 mpaka 1939 tutapata miaka 78. Mtoto alikuja duniani akakuta jina linamngoja.

Jina hilo lililongoja lilikuwa na siri nyingine ndani yake, nayo imo katika neno lenyewe la uhusika. Wagiriki waliuita uhusika ptosis, na maana yake ni kuanguka. Warumi wakafasiri casus, ambayo nayo ni kuanguka, na huko ndiko Waingereza na Wafaransa walikopata maneno yao ya nahau. Fikra ilikuwa kwamba jina lina hali yake ya kusimama, kisha linaangukia upande huu na ule. Wanafalsafa wa Kistoa, hata hivyo, walikuwa wakiihesabu hali ya mtenda nayo kuwa ni mwanguko, na papo hapo wakiiita ya wima. Wafuasi wa Aristotle wakawauliza: kilicho wima kimeangukaje? Wastoa wakajibu kuwa jina limeanguka kutoka katika fikra iliyomo moyoni. Na kalamu ikiachiwa kutoka juu yaweza kuanguka ikajichoma chini, ikasimama wima. Mjadala huo tumehifadhiwa na Ammonius, aliyesomesha falsafa Aleksandria.

Sasa tuyaweke maneno mawili bega kwa bega. Kuanguka kwa Kigiriki ni pipto, na ndimo ilimotoka ptosis. Kuruka ni petomai, na ubawa ni pteron. Wanaisimu wa karne ya 19 waliyaona maneno haya yote kuwa ni ya shina moja la kale, na ushahidi wao mzuri ulitoka India, kwa kuwa katika Kisanskriti kitenzi pat- kinabeba maana zote mbili, kuruka na kuanguka. Baadhi ya wataalamu wa leo wanapendelea kuyatenga yakawa mashina mawili yaliyokaribiana kwa sauti. Msomaji ana hiari ya kufuata kundi analolitaka. Ikiwa wale wa mwanzo walisema kweli, basi uhusika wa nahau na ubawa wa helikopta ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akaenda chini na mmoja akaenda juu.

Na sisi tuliolelewa na nahau ya Kiarabu tuna la kuongeza. Waarabu hawakusema kuwa jina huanguka. Walisema kuwa jina huchukuliwa na kuwekwa. Dhuma ya mtenda waliiita rafu, yaani kuinua, na katika mzizi huo Kiswahili kimepata rufaa, kesi iliyoinuliwa kupelekwa mahakama ya juu. Fataha ya mtendwa waliiita nasbu, yaani kusimamisha. Kasra ya milikishi ilipata majina mawili: watu wa Basra waliiita jarri, yaani kuvuta, na watu wa Kufa waliiita khafdhi, yaani kushusha. Ibn Ajurrum alilichagua la Kufa. Kuinua, kusimamisha, kushusha: aliyepata kuitazama helikopta ikiondoka uwanjani, ikatulia hewani bila kwenda mbele wala nyuma, kisha ikarudi chini taratibu, ameziona hali tatu za irabu. Hii ni sadfa njema, si hoja, nami siitumii kuthibitishia kitu. Naitaja kwa kuwa mwanafunzi anayechoshwa na istilahi hizi huenda akazipenda akijua kuwa walioziunda walikuwa wakiuona mwendo, si kanuni kavu.

Turudi kwenye lile kosa la kukata. Katika miaka ya 1940, helikopta zilipoanza kuonekana na watu wengi, Kiingereza kililigawa neno pasipo kiungo, kikapata heli upande mmoja na copter upande wa pili. Mtunzi wa sarafu angesikitika. Heli haina maana kwa Kigiriki, kwa kuwa ni nusu ya shina. Na copter haina maana vilevile, kwa kuwa imekwenda na mkia wa neno la kwanza. Hata hivyo, nusu hizo zilipata uhai. Leo vile vyombo vidogo visivyo na rubani, vyenye rafadha nne, vinaitwa quadcopter, na mwenye kusikia hupata maana bila taabu.

Lakini angalieni kilichosalia ndani ya neno hilo jipya. Heli imetupwa. Mzingo umetupwa. Katika helix yote hakikubaki ila kisauti kimoja, ile k ya mwanzo wa copter. Nayo ndiyo sauti iliyokuwa imezama ndani ya x, ambayo uhusika wa mtenda uliificha na uhusika milikishi ukaifichua. Watu waliokata vibaya, bila ya kujua, walitupa kile kinachoonekana katika jina la kawaida wakabakisha kile ambacho milikishi peke yake inakionyesha. Kila anapopita mtoto na chombo chake cha rafadha nne, alama ya milikishi ya Kigiriki inapita pamoja naye.

Je, hilo ni kosa? Kabla hatujawahukumu Waingereza, tujitazame. Waarabu walitupa kitabu, na mzizi wake una herufi tatu, k, t na b, ndizo zilizomo katika katibu na maktaba. Sisi tulisikia ki ya mwanzo, tukaifananisha na ki ya kiti na kisu, tukakata hapo hapo, tukasema vitabu. Herufi ya kwanza ya mzizi tuliigeuza kiambishi, na katika wingi tukaitupa kabisa. Kibiriti nacho tukakifanya hivyo, kikawa vibiriti. Na msumari, uliotokana na mismar ya Kiarabu, tukaupa wingi wa misumari kana kwamba ulimea katika ngeli ya mti na mito. Hata kilabu cha Waingereza hatukukisaza, tukafungua vilabu. Hakuna mshairi wa mwambao aliyepata kuona haya kwa kusema vitabu, wala hakuna shehe aliyekataa kulitumia neno hilo kwa sababu linauvunja mzizi. Neno lilivunjwa ili liweze kuingia nyumbani, na lilipokwisha kuingia likawa la wenyeji.

Kwa hivyo anayelia kuwa lugha imeharibika kwa sababu neno limekatwa pasipo kiungo, analia mapema. Lakini anayesema kuwa haidhuru, asili ya neno haina faida, naye hajasema kweli. Vitabu ni neno letu, na kujua kuwa k iliyotupwa ndiyo inayokiunganisha kitabu na katibu na maktaba ni elimu inayotufungulia maneno mengine mengi. Lugha ina haki ya kukata. Ila lazima wabaki watu wachache wanaojua kiungo kilikuwa wapi. Wakitoweka hao, maneno hayatakufa, bali yataacha kujuana.

Limebaki lile dai la kuwa Kiswahili hakina uhusika, na hivyo elimu hii haituhusu. Ni kweli kuwa majina yetu hayabadiliki miisho kama ya Kigiriki na Kiarabu. Mfalme ni mfalme, akipiga, akipigwa au akimiliki. Tunasahau, hata hivyo, kuwa neno la irabu tunalolitumia kwa sauti zetu tano, a, e, i, o, u, ni lile lile la Waarabu la kubadilika kwa miisho: hatukuwa na hali hizo, tukalichukua jina lake kwa kazi nyingine. Tunasahau zaidi kuwa kazi ya milikishi kwetu inafanywa na kile kisilabi kidogo cha -a: cha, vya, la, ya, za, wa. Na kisilabi hicho kina tabia ambayo Kigiriki na Kiarabu hazina. Kwao, anayebadilika ni mwenye mali. Kwetu mwenye mali hatikisiki; alama inafuata mali yake, ikatueleza mali hiyo ni ya ngeli gani.

Sasa nisikilizeni. Nikisema ndege wa mfalme, mmeona kiumbe chenye manyoya, pengine kimo tunduni, katika jumba la mfalme. Nikisema ndege ya mfalme, mmeona chombo cha chuma kinachomngoja uwanjani. Neno ndege halikubadilika hata herufi moja, wala mfalme hakubadilika. Kilichobadilika ni wa na ya. Yaani ni milikishi yetu wenyewe. Katika wingi ni vivyo hivyo: ndege wa mfalme hulia alfajiri, ndege za mfalme hutiwa mafuta. Kitenzi nacho hushuhudia, kwa kuwa ndege wa kwanza ameruka na ndege ya pili imeruka, lakini katika jina na jina ni kisilabi hiki peke yake kinachobeba tofauti yote kati ya kilichozaliwa na kilichoundwa. Msomi wa Paris aliihitaji milikishi ya Kigiriki ili apate jina la chombo cha angani. Msemaji wa Kiswahili, asiyejua kusoma wala kuandika, anaitumia milikishi yake kila siku ili akitenge chombo cha angani na kiumbe cha angani, wala hakosei.

Wagiriki waliiita milikishi kwa majina kadhaa. Lililozoeleka lilikuwa genike, yaani ya jinsi au ya aina, na Warumi walilifasiri kwa neno linalotaja kuzaliwa. Lakini wanahau wao waliijua pia kwa jina la patrike, ya baba, kwa kuwa kwa uhusika huo mtu hutajwa ni mwana wa nani. Hilo ndilo swali la milikishi popote ilipo: wa nani, ya nani, la nani. Tukiliuliza swali hilo juu ya neno helikopta, hatutapata baba mmoja. Wagiriki walitoa mzingo na ubawa, wala hawakukiona chombo. Mfaransa wa sarafu aliviunganisha, naye hakukiona kikiruka. Kiingereza kililikata pasipo kiungo, likaenea. Kiswahili kikalipokea, kikalitia a mwishoni, kikalipeleka katika ngeli ya I-ZI, na siku kilipolitia milikishi yake kikasema helikopta ya, si helikopta wa, kikijua bila kufundishwa kuwa hiki hakitagi mayai.

Basi mwalimu wa chuo anayemsomesha mtoto kuwa jina la mwenye mali lina kasra asione kuwa anamchelewesha na dunia ya mitambo. Na watunga kamusi zetu, wanapoandika mbele ya neno kuwa asili yake ni Kiingereza, wangetufaa zaidi kama wangevuka hatua moja au mbili nyuma ya hapo, wakatuonyesha kiungo. Kwa helikopta ingetosha mstari mmoja: heliko, ya mzingo, pta, ubawa. Mtoto atakayeusoma ataendelea kusema helikopta kama wenzake wote wanavyosema, lakini siku atakapoona neno jingine limesimama bila ya jamaa, atajua pa kumtafutia ndugu yake.